Kujifunza Upya Si Kukana Jeraha: Haki ya Mfanyakazi Mwenye Kiwewe Anayerudi Darasani



Wapendwa waamini, katika parokia zetu za Karatu na kandokando ya Hifadhi ya Ngorongoro wamo wafanyakazi walioumia kazini, wakatibiwa, wakapimwa, na hatimaye wakapewa kiwango cha ulemavu kwa asilimia pamoja na fidia. Baadhi yao hawakuumia mwili peke yake. Waliumia pia ndani, mahali ambapo jicho la jirani halifiki. Leo wanataka kujifunza kazi nyingine: ufundi, hesabu, lugha, kompyuta. Lakini hofu moja inawazuia mlangoni pa chuo: “Nikionekana darasani, si watasema nimepona? Si wataniondolea kile kidogo ninachopata?”

Hofu hiyo haipaswi kupuuzwa, kwa maana kidogo hicho ndicho ada ya mtoto na unga wa nyumbani. Makala hii inakusudia kueleza mambo matatu: jeraha la kiwewe ni nini, sheria ya nchi yetu inampa nini mfanyakazi aliyeumia, na Mkristo afanye nini ili aweze kusoma bila kupoteza haki yake wala dhamiri yake.

Jeraha lisiloonekana

Sisi watu wa Karatu hatuhitaji kwenda mbali kujua kiwewe ni nini. Tarehe 6 Mei 2017, basi la wanafunzi wa shule ya Lucky Vincent ya Arusha lilitumbukia korongoni eneo la Rhotia. Wanafunzi 32, walimu 2 na dereva walipoteza maisha. Watoto 3 walinusurika na kupelekwa Marekani kwa matibabu. Tunawaombea marehemu, na ni vema tuwafikirie pia waliofika pale wa kwanza: askari, wauguzi, madereva na wapita njia. Yeyote aliyeinua mwili wa mtoto siku ile hakurudi nyumbani jinsi alivyotoka.

Kazi za eneo letu zina hatari zake. Askari wa uhifadhi hukutana na nyati, tembo na majangili wenye silaha. Dereva wa watalii hushuka na kupanda miteremko ya kreta na barabara za vumbi msimu mzima. Kibarua wa shamba la kahawa Oldeani au la vitunguu Mang'ola hushika mashine, sumu na mizigo. Ajali ikitokea, mara nyingi mkono uliovunjika hupata plasta, lakini moyo uliovunjika huambiwa ujikaze.

Wataalamu wa afya ya akili wanautambua ugonjwa unaoweza kumpata mtu aliyepitia au kushuhudia tukio la kutisha. Tukio lile humrudia bila kuitwa, katika ndoto za usiku na katika mawazo ya mchana. Hukwepa mahali, watu au sauti zinazomkumbusha. Hushtuka kwa jambo dogo, hukosa usingizi, huwa mkali kwa mke na watoto, au hujitenga na kuwa kama mgeni nyumbani kwake. Dalili hizo zikidumu zaidi ya mwezi mmoja na kuvuruga maisha ya kila siku, haifai tena kusema “yatapita”. Ni maradhi ya kiwewe, na yana tiba ya mazungumzo ya kitaalamu na, inapolazimu, ya dawa.

Wazee wetu kadhaa waliorudi kutoka Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 waliishi na hali kama hii bila kupata jina lake. Jirani walisema ni ulevi, wengine wakasema amerogwa, wengine wakasema ni ukali wa jeshi. Sisi tulio na jina lake hatuna tena udhuru wa kunyamaza. Shirika la Kazi Duniani, katika orodha yake ya magonjwa yatokanayo na kazi iliyorekebishwa mwaka 2010, limeyataja maradhi haya waziwazi miongoni mwa magonjwa ya akili yanayoweza kusababishwa na kazi.

Sheria inampa nini aliyeumia?

Tanzania Bara inayo Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008. Kwa sheria hiyo uliundwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambao wengi wanaufahamu kwa kifupi kama WCF. Mfuko ulianza kukusanya michango Julai 2015 na kulipa mafao Julai 2016. Unahudumia wafanyakazi wa sekta ya umma na ya binafsi. Mchango hulipwa na mwajiri peke yake; mwajiri anayeukata kwenye mshahara wa mfanyakazi anakwenda kinyume cha sheria.

Mafao yake ni zaidi ya fedha. Kuna matibabu. Kuna malipo ya ulemavu wa muda, yaani kipindi ambacho mfanyakazi hawezi kwenda kazini kwa sababu ya jeraha. Haya huhesabiwa kwa asilimia 70 ya mshahara na yanaweza kuendelea hadi miezi 24. Kuna malipo ya ulemavu wa kudumu: tathmini isiyozidi asilimia 30 hulipwa kwa mkupuo, na inayozidi asilimia 30 hulipwa kwa pensheni ya kila mwezi. Kuna msaada kwa anayehitaji mtu wa kumhudumia daima, msaada wa mazishi, na malipo kwa wategemezi wa aliyefariki.

Na kuna fao ambalo wengi hawalijui: utengamao. Neno hili lina maana ya kumrudisha aliyeumia katika maisha na kazi, kwa tiba ya viungo na ya akili, kwa msaada wa kijamii, na kwa mafunzo ya kazi. Tafadhali lisomeni neno hili mara mbili. Sheria ile ile inayompa mfanyakazi fidia ndiyo inayotaka pia aweze kujifunza upya. Kwa hiyo anayekwenda chuoni hatoroki utaratibu wa fidia, bali anafuata mojawapo ya makusudi yake.

Kiwango cha ulemavu hupima nini?

Hapa ndipo penye kiini cha hofu. Watu wengi hudhani asilimia ya ulemavu ni kipimo cha kukaa bure: mwenye asilimia nyingi ni yule asiyefanya lolote, na anayeonekana akifanya jambo amedanganya. Sivyo. Asilimia hutokana na tathmini ya madaktari kuhusu madhara yaliyobaki baada ya matibabu. Cheti cha chuo si cheti cha daktari. Aliyepoteza vidole vitatu akasomea uhasibu hakuota vidole. Vivyo hivyo, aliyebaki na kiwewe akajifunza kompyuta hakufuta kwa hilo ndoto zinazomwamsha saa nane za usiku.

Hata hivyo, tuseme ukweli wote. Uamuzi wa Mfuko haukuchongwa kwenye jiwe. Hali ya mtu ikibadilika, ikiwa nzuri zaidi au mbaya zaidi, tathmini inaweza kuangaliwa upya. Na ikigundulika kwamba ilijengwa juu ya maelezo ya uongo, inaweza kutenguliwa. Kwa jeraha la mwili, picha ya mfupa huzungumza yenyewe. Kwa jeraha la akili, kinachozungumza ni kumbukumbu za kliniki na maneno ya mgonjwa mwenyewe. Ndiyo maana mwenye kiwewe anahitaji uangalifu zaidi kuliko mwenye mguu uliokatika.

Tutofautishe pia hali mbili. Anayelipwa kwa ulemavu wa muda analipwa kwa sababu daktari amesema hawezi kufanya kazi kwa sasa. Huyu akianza masomo bila kumweleza daktari wake anajiweka katika mashaka, na akifanya kibarua cha siri huku anapokea malipo hayo, anaiba. Anayelipwa kwa ulemavu wa kudumu analipwa kwa sababu ya upungufu uliobaki ndani yake. Huyu anaposoma, hana cha kuficha.

Swali hili haliko kwetu pekee. Nchini Marekani, wanajeshi wastaafu hupewa kiwango cha ulemavu kwa asilimia, na maradhi ya kiwewe yamo kati ya yanayopimwa. Huko nako wengi huogopa kwamba masomo yatawashushia kiwango, ingawa serikali hiyo hiyo ina mpango wa kuwasomesha waliopata ulemavu jeshini. Wanaotakiwa kuwa waangalifu zaidi ni wale wanaolipwa kwa msingi kwamba hawawezi kabisa kushika ajira, kwa maana masomo yao yanaweza kuzua maswali. Tofauti ni ile ile tuliyoieleza hapa kwetu: jiulize kwanza unalipwa kwa sababu gani, ndipo ujue kile unachopaswa kukieleza.

Mfano wa kutusaidia

Tuchukue mfano wa kufikirika. Askari wa uhifadhi alijeruhiwa na nyati akiwa doria, na mwenzake akafa mbele ya macho yake. Mguu umepona kwa kuchechemea, usingizi haujarudi. Amepimwa na kupata asilimia inayozidi 30, naye hupokea pensheni kila mwezi. Sasa anatamani kusomea umeme wa magari, maana Karatu haikosi magari ya watalii yanayohitaji fundi.

Akikaa kimya kwa hofu, mambo mawili yanaweza kutokea. La kwanza, ataacha chuo, na kukaa bure kutazidisha maradhi. La pili, atasoma kwa kujificha, atasema kliniki kwamba “sijambo” ili asiulizwe mengi, na siku ya kuangaliwa upya faili lake litaonyesha mtu aliyepona. Hapo atakuwa amejinyang'anya haki kwa mkono wake mwenyewe.

Akisema kweli, mambo huwa tofauti. Daktari ataandika: anahudhuria masomo siku tatu kwa wiki; hulazimika kutoka darasani mlio wa injini unapomshtua; hakumbuki vema aliyosoma baada ya usiku wa ndoto mbaya; anaendelea na dawa. Maneno hayo yanaonyesha juhudi na yanaonyesha jeraha, yote mawili kwa pamoja. Huenda pia daktari akamshauri kwamba karakana yenye kelele si mahali pake, na kwamba kutunza stoo au hesabu za hoteli kungemfaa zaidi.

Mambo ya kufanya

1. Toa taarifa mapema. Mfanyakazi amjulishe mwajiri mara tu anapoumia au anapoambiwa na daktari kwamba ugonjwa wake umetokana na kazi. Mwajiri naye anatakiwa kuufikishia Mfuko taarifa ndani ya siku 7. Usiache miezi 12 ipite bila jambo hilo kufikishwa panapohusika, kwa maana haki inaweza kupotea. Wenye kiwewe huchelewa sana hapa, kwa sababu dalili huja polepole na aibu huja haraka.

2. Pata maandishi ya daktari. Madai ya ugonjwa wa akili husimama juu ya ushahidi wa kitabibu unaounganisha maradhi na kazi. Omba rufaa kutoka hospitali ya wilaya kwenda kwa mtaalamu, kwa mfano Mount Meru mjini Arusha au KCMC Moshi. Tunza kila karatasi: fomu za madai, ED, cheti cha dawa, barua ya tathmini. Weka nakala nyumbani kwa mtu unayemwamini.

3. Usiache kliniki kwa sababu ya ratiba ya chuo. Pengo la mwaka mzima katika kumbukumbu husomeka kama mwaka wa afya njema. Panga masomo yafuate tarehe za kliniki.

4. Zungumza na daktari kabla ya kujiandikisha. Mweleze unataka kusoma nini, wapi na kwa saa ngapi. Akuandikie kwamba masomo ni sehemu ya utengamao wako na ataje mipaka yako.

5. Uliza Mfuko kwa maandishi. Eleza nia yako ya kusoma na uulize kama mafunzo hayo yanaweza kuingia katika fao la utengamao. Barua yenye muhuri wa kupokelewa ni kinga kubwa kuliko ushauri wa kijiweni. Ukiitwa kwenye uhakiki au uchunguzi, nenda.

6. Mweleze mkuu wa chuo unachohitaji. Huna lazima ya kusimulia tukio lote. Inatosha kusema kwamba una hali ya kiafya inayotambuliwa na daktari, na kwamba unaomba kukaa karibu na mlango, kupewa muda wa ziada, au kusoma kwa awamu. Vyuo vya VETA vina kozi fupi na ndefu. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania humwezesha mtu kusoma akiwa nyumbani. Mwenye kiwewe anaweza kuanza na kidogo.

7. Usikubali uamuzi usioelewa. Ukishushiwa kiwango au ukinyimwa fao, omba sababu kwa maandishi na uulize mara moja muda wa kupinga. Sheria inatoa nafasi ya kutoridhika. Ofisi ya kazi Arusha na afisa ustawi wa jamii wa wilaya wanaweza kukuelekeza.

Kwa waajiri walio waamini wetu, jambo moja. Kanuni za utendaji bora kazini za mwaka 2007 zinataka mwajiri, kabla ya kumwachisha kazi mtu kwa sababu ya afya au jeraha, aangalie kwanza kama anaweza kumpatia kazi nyingine au kumrekebishia ile aliyo nayo. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na watu wenye ulemavu wasiopungua asilimia 3. Aliyeumia kwako ukamlipia mafunzo, kisha ukampokea tena, umetimiza haki; usihesabu kuwa umetoa sadaka.

Kanisa linasema nini?

Mtakatifu Yohane Paulo II, katika waraka wake Laborem Exercens wa mwaka 1981, aliwapa watu wenye ulemavu nafasi ya pekee. Alifundisha kwamba wao ni nafsi kamili zenye haki zote, na kwamba jamii inao wajibu wa kuwaandaa kwa kazi na kuwapatia kazi inayolingana na uwezo wao. Fidia peke yake, bila nafasi ya kushiriki, humfanya mtu kuwa mzigo unaotunzwa. Nayo kazi bila fidia humfanya jeraha lake lisihesabike. Haki hudai yote mawili.

Maandiko Matakatifu yanatupa mfano wa nabii Eliya. Baada ya mapambano makali alikimbilia jangwani, akaketi chini ya mti, akaomba afe. Mungu hakumkaripia. Malaika alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akamlisha mara ya pili, kwa sababu safari ilikuwa ndefu kuliko nguvu zake. Ndipo baadaye, mlimani Horebu, akapewa kazi mpya na msaidizi. Tazameni mpangilio huo: chakula, usingizi, chakula tena, safari, kisha kazi. Wala mkate wa kwanza haukudaiwa urudishwe kwa kuwa ameanza kutembea.

Lakini amri ya nane inatubana pia. Kuna uongo wa aina mbili unaomwinda mwenye kiwewe. Mmoja ni kukuza maradhi ili kupata fedha. Huo ni wizi dhidi ya wafanyakazi wengine waliochangiwa Mfuko huo. Mwingine ni kuficha maradhi ili kuonekana mwanamume au mwanamke shupavu. Huo ni wizi dhidi ya familia yako. Anayesema kweli kwa daktari, kwa Mfuko na kwa chuo hana haja ya kukumbuka alisema nini wapi.

Neno kwa Jumuiya Ndogo Ndogo

Mara nyingi kinachomrudisha mtu nyumbani kutoka chuoni si barua ya Mfuko. Ni ulimi wa jirani: “Analipwa ulemavu, mbona anabeba madaftari kila asubuhi?” Ndugu zangu, hatukuwekwa kuwa wapelelezi wa asilimia za wenzetu. Rafiki za Ayubu walifanya vema siku saba za kwanza, walipoketi naye chini bila kusema neno. Walikosea walipofungua kinywa kumtafutia hatia.

Jumuiya ifanye yanayowezekana: mtu wa kumsindikiza kliniki, jirani wa kumwangalizia mifugo siku za masomo, katekista wa kumsaidia kuandika barua, muuguzi wa parokia wa kumkumbusha tarehe. Kwa familia: akiamka usiku akipiga kelele, usimwite mwoga. Akizungumza habari ya kufa, usimwache peke yake; mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Msamaria mwema hakuishia kumfunga majeraha mtu yule aliyeangukia mikononi mwa wanyang'anyi. Alimfikisha nyumba ya wageni, akalipa, na akaahidi kurudi kulipa kitakachozidi. Hakuweka sharti kwamba mgonjwa akianza kusimama malipo yakome siku hiyo. Nasi tuwasaidie ndugu zetu wasimame, wasome, wafanye kazi wanayoiweza, na haki yao ibaki mikononi mwao.

Mwenyezi Mungu awabariki.